Lensi yenye kurekebishwa na mwangaza: akili kubwa, lakini iko ya nani?



Habari ya teknolojia mpya ikifika hapa Mahagi, tunapiga makofi kwanza, maulizo inakuja nyuma. Leo tuanze na maulizo.

Maneno iko juu ya lensi yenye inawekwa ndani ya jicho kisha munganga ametoa katarakti. Kati ya wale waliivumbua kuna Robert Grubbs, mwenye alipata Nobel ya kemia mwaka 2005, na munganga wa macho Daniel Schwartz. Marekani iliiruhusu mwaka 2017.

Kazi yake iko hivi. Ndani ya lensi ya silikoni kuna molekuli ndogo zenye hazijaungana bado. Munganga akipiga mwangaza wa ultravioleti katikati ya lensi, zile za pale zinaungana, zinakuwa polimeri. Zile za pembeni zinasogea polepole kujaza nafasi, na lensi inavimba kidogo pale katikati: nguvu yake inaongezeka. Akipiga pembeni, nguvu inapunguka. Mwisho anapiga lensi yote ili molekuli zote ziishe, basi imefungwa. Ni gundi ile ile ya kioo cha simu, yenye inakauka chini ya lampe ya zambarau, lakini imefundishwa hesabu.

Tuseme ukweli: wazo hili lingetufaa sana. Penye mashini ya kupima jicho mbele ya kupasua haiko, munganga anakisia nguvu ya lensi, na akikosea mgonjwa anabaki anaona ukungu. Kusahihisha kosa bila kupasua tena, nani atakataa?

Lakini tusome masharti. Jua pia lina ultravioleti, na halichagui mahali pa kupiga. Basi mgonjwa anavaa lineti maalum mchana kutwa, wiki kwa wiki, mpaka lensi ifungwe. Tena anarudi kwa mashini mara tatu, mara ine, siku kadhaa katikati. Muambie hivyo mama mwenye kulima kutoka asubuhi. Muambie apite Djugu kwa RN 27 mara zote hizo, na usalama tunaujua sisi wote.

Linganisha na lensi ya kawaida. Harold Ridley aliweka ya kwanza London mwaka 1949, ya plastiki ngumu. Aurolab ya Madurai, India, ilianza kutengeneza lensi za bei ndogo mwaka 1992. Mwaka 1994 kiwanda cha lensi kilifunguliwa Asmara, Eritrea, hapa hapa Afrika. Ile plastiki nayo ni polimeri, lakini kemia yake inaishia kiwandani. Ya Grubbs inaishia ndani ya jicho, na mzigo wa kuimaliza unabebwa na mgonjwa.

Hapo ndipo lawama yangu iko. Kemia yake haina kosa. Kosa ni letu tukipima uvumbuzi kwa ujanja wake na kusahau kuhesabu safari za mgonjwa. Kwa Mahagi, mashini moja nzuri ya kupima jicho mbele ya operesheni, pamoja na lensi ya kawaida, itarudishia watu wengi macho kuliko mwangaza huu wote.

Wa kemia, wa fizikia, wa udaktari: mnasema nini?