Mabega Kwanza, Spana Baadaye

"Kidole gani kinakufa ganzi?"

Hilo ndilo swali la kwanza la fundi wa baiskeli anayejua kazi yake, hata kama mteja amekuja na pesa mkononi akitaka usukani mpya tu. Ganzi ikishika kidole cha mwisho na jirani yake wa pete, iliyobanwa ni neva inayopita ukingoni mwa kiganja, upande wa kidole kidogo. Uzito wa mwili umelemea hapo. Ikishika gumba, cha shahada na cha kati, basi ni neva nyingine, ile ya katikati ya kifundo cha mkono, na mara nyingi kifundo chenyewe kimekaa kimekunjwa njia nzima. Mteja amesema "mikono inauma." Fundi amesikia maradhi mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Isiolo ni mahali pazuri pa kuujaribu usukani. Mji uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukitoka kuelekea kusini lami inapanda hadi njia panda ya Subuiga, panapoachana barabara ya Meru na ya Nanyuki, kisha inazidi kupanda ubavuni mwa Mlima Kenya kuelekea Timau. Kwenye mwinuko huo mwendeshaji hukaa wima, mikono juu kabisa ya usukani, kifua wazi apate pumzi. Kurudi ni mteremko mrefu. Anainama, anashika chini, vidole viko tayari kwenye breki. Kaskazini ni habari nyingine: kilomita kama 35 hadi Archers Post, jua, upepo, na barabara iliyonyooka hadi inachosha macho. Huko hakuna kona ya kukuchangamsha. Unachoweza kubadilisha ni mahali unaposhika tu, na hapo ndipo usukani uliopinda wa baiskeli ya resi unapojilipia: unashika juu, unashika kwenye vichwa vya breki, unashika chini. Baiskeli ya Black Mamba, kwa uimara wake wote, ina mshiko mmoja.

Kabla lami haijafika Moyale, katika miaka ya 2010, kupita huku na tairi nyembamba kulikuwa kujitafutia balaa. Waendeshaji wa Tour d'Afrique, safari ya Cairo hadi Cape Town iliyoanza 2003, walizivuka kokoto na matuta ya njia ya Marsabit kabla ya kuiona lami ya Isiolo. Siku hizi hata baiskeli ya mtumba yenye tairi za milimita 25 inaweza kutoka mjini ikaenda zake kaskazini, na fundi amepata kazi ambayo baba yake hakuwa nayo.

Kazi yenyewe inaanza na futi ya fundi cherehani. Mteja anasimama, mikono imening'inia, na fundi anatafuta kwa kidole yale mafupa mawili yaliyochomoza juu ya mabega, halafu anapima kutoka moja hadi jingine. Sentimita 40, usukani wa 40. 42, wa 42. Ni kanuni ya zamani, lakini ni pa kuanzia. Usukani mwembamba kuliko mabega huyakusanya mabega ndani. Mpana kupita kiasi huitawanya mikono, na shingo ndiyo inayolipa.

Ugumu ni kwamba namba iliyopigwa kwenye chuma haisemi kweli sikuzote. Kampuni nyingine hupima kutoka katikati ya bomba hadi katikati ya bomba, nyingine kutoka nje hadi nje, na tofauti hufika sentimita mbili. Kwa hiyo fundi haisomi namba, anapima mwenyewe. Nimemwona mmoja akigeuza usukani mmoja baada ya mwingine katika lundo la mtumba, futi shingoni, huku mteja akitazama saa. Hakuharakishwa.

Wanaofuata mashindano watasema sukani nyembamba ndizo za kisasa, maana hukata upepo. Ni kweli, tena ziliendelea kupungua upana hadi shirikisho la dunia, UCI, likaweka kikomo: sentimita 35 kuanzia 2023, kisha 40 kuanzia 2026, zikipimwa nje hadi nje. Hayo ni mambo ya watu wanaogombea sekunde. Anayekwenda Archers Post kumsalimia shangazi hana sekunde ya kugombea.

Baada ya upana kuna vipimo viwili ambavyo wanunuzi wengi hawavijui: usukani unasonga mbele kiasi gani, na unashuka chini kiasi gani. Sukani za zamani, zile za mviringo mkubwa zinazopendeza kwenye picha, husonga mbele hadi milimita 90 au 100 na kushuka 140 au 150. Zilitengenezewa vijana waliokunjika vizuri kiunoni. Za siku hizi zilizofupishwa husonga mbele 70 au 80 na kushuka 120 hivi. Mimi nina msimamo juu ya hili: kama sehemu ya chini ya usukani wako haishikwi kamwe, umebeba pambo. Afadhali upinde mfupi unaoufikia kuliko mrefu wa kuwaonyesha watu.

Urembo wa mkao nao unadanganya. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017 akiwa ametanua viwiko na kuinamisha kichwa, mkao ambao watazamaji waliucheka. Mwili wake ulikuwa umekubaliana na baiskeli yake. Wa kucheka walikuwa kwenye makochi.

Sasa rudi kwa mteja wetu mwenye ganzi. Fundi bado hajagusa usukani. Anachukua pimamaji, ile ya waashi, anailaza juu ya kiti. Kiti kikiwa kimeinamia mbele, mwili unateleza pole pole kuelekea usukani na mikono inageuka nguzo za kuuzuia. Anakisawazisha, anamrudisha mteja barabarani. Wapo waliokuja kununua usukani wakaondoka na ule ule wa zamani, wamelipa pesa ya kukaza nati moja. Kibiashara ni hasara. Kifundi, sijui kazi safi kuliko hiyo.

Ganzi ikibaki, anahamia kwenye vichwa vya breki. Analegeza bolti kwa alenki, anakisogeza kichwa juu kwa upana wa ukucha, anakaza, anamwambia mteja ashike. Halafu anachutama pembeni kutazama mkono: anataka mstari kutoka kiwiko hadi vifundo vya vidole upite bila kuvunjika kwenye kifundo cha mkono, na kiganja kikae kama cha mtu anayempa mwenzake mkono wa salamu. Ukivunjika, analegeza tena. Kulia na kushoto havilingani sikuzote, kwa sababu watu wenyewe hawalingani. Aliyewahi kuvunjika mfupa wa bega anaweza kuhitaji upande mmoja uwe juu kidogo, na fundi atamwachia hivyo, japo ukitazama kutoka mbele ni upogo.

Tepu haifungwi bado. Nyaya za breki zinashikizwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, na baiskeli inatoka hivyo hivyo, uchi. "Panda mpaka Subuiga, ushuke, uniambie," fundi anasema. Kuzunguka mjini hakumtoshi. Usukani hausemi ukweli wake katika dakika kumi.

Kuna jambo moja ambalo fundi huyu hana mzaha nalo. Sehemu ya kati ya usukani, inayobanwa na stemu, huja kwa unene mbalimbali: milimita 25.4, 26.0, 31.8. Mbili za kwanza macho hayazitofautishi. Ukitia usukani wa 25.4 kwenye stemu ya 26.0 utakaza, utaona umeshika, na siku moja ukiteremka kutoka Timau, umeegemea breki, usukani utazunguka mikononi. Wengine huziba pengo kwa bati la kopo la soda. Bati hilo lina unene wa sehemu ya kumi ya milimita tu, na pengo ni sehemu tatu kila upande, kwa hiyo tabaka moja ni kujidanganya. Yeye hupima kwa kalipa, na kama havilingani anakirudisha kipande kwenye lundo, hata mteja awe amekipenda vipi.

Mteja akishuka mlimani bila la kulalamikia, tepu inafungwa, kuanzia ncha ya chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, ikivutwa sawasawa isilegee wala kukatika. Mwaka ukipita fundi ataibandua aangalie, maana jasho la jua la Isiolo hupenya chini ya tepu na kuila aluminiamu taratibu. Akikuta unga mweupe na vishimo, usukani huo hauuzwi tena wala haupewi mtu bure. Unakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, umekatwa katikati kwa msumeno ili asije mtu akaununua tena.