Nafuu ya Saa Moja

Mtoto mwenye homa kali anafikishwa kituo cha afya Asumbi, kwenye ukanda wa Ziwa Viktoria nchini Kenya: amelegea, miguu ya baridi, moyo unaenda mbio. Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja, mtundikie dripu na maji yaingie kwa kasi. Ndivyo miongozo ilivyosema.

Daktari Kathryn Maitland na wenzake waliamua kuipima amri hiyo. Jaribio lao, FEAST, liliwagawa kwa kura watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania: wengine maji ya kasi, wengine maji ya polepole tu. Mwaka 2011 lilisimamishwa kabla ya muda wake. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 7.3 ya wasiopewa maji ya kasi. Kwa waliopewa, takriban 10.5.

Linalonigusa zaidi ni saa ya kwanza. Baada ya saa hiyo, dalili za mshtuko, yaani damu kutofika vizuri mwilini, zilikuwa zimewatoka watoto wengi zaidi miongoni mwa waliopewa maji ya kasi. Muuguzi wa zamu angeapa kwamba dripu imeokoa maisha, na angekuwa anasema alichokiona. Ila wodini hakuna kundi la kulinganisha. Halafu wengi wakadhani kilichoua ni mapafu kujaa maji. Uchambuzi wa 2013 ukaonyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana hasa na mzunguko wa damu kuporomoka.

Kwa hiyo anayefundisha wahudumu wa dharura asiishie kwenye hatua za kukariri. Kabla ya tiba, mhudumu atamke anatarajia kuona nini, saa ngapi, na dalili gani itamfanya abadili mawazo. Kisha arudi kitandani. Ukanda wa ziwa unadai hilo hasa, kwani mtoto anaweza kubeba vimelea vya malaria huku anayemuua ni bakteria, na kipimo cha haraka huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya tiba. Viganja vimepauka? Huenda anachohitaji ni damu.

Na asome jaribio hadi mwisho. Watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Anayemnyima maji mtoto aliyekaushwa na kuhara kwa sababu ya FEAST amekariri amri mpya tu.