Jiwe Likipitisha Mwanga

Jiwe lenyewe nililiokota chini ya vilima vya Gembe, upande wa Mbita: jeusi, zito, lenye vidoa vinavyometa jua likilipiga. Ni nefelinaiti, lava ya volkano ya Kisingiri iliyokuwa hai miaka milioni 20 hivi iliyopita. Visiwa vya Rusinga na Mfangano vimebeba masalia ya mbavu zake. Ukilipasua kwa nyundo unakutana na weusi uleule. Ndani hupaoni mpaka lisagwe.

Fundi aliyenifundisha hulikata kwa msumeno wa almasi, akapata bamba nene kama biskuti. Hulisugua upande mmoja kwa maji na unga wa msasa hadi liwe laini, akaligandisha kwenye kioo kidogo kwa gundi, kisha akaanza upande wa pili. Anatafuta unene wa milimita 0.03, ambapo jiwe jeusi linaanza kupitisha mwanga. Karibu na mwisho haiamini mashine tena. Anasugua kidogo, anasuuza, anachungulia kwenye hadubini, anarudi kusugua. Ukizidisha mizunguko michache tu, jiwe lote linaondoka na maji, kinabaki kioo kitupu. Slaidi yangu ya kwanza iliishia hivyo. “Pole pole, mwanangu,” aliniambia, akanikatia bamba jingine.

Henry Clifton Sorby, Mwingereza wa Sheffield, alikuwa akisaga mawe namna hii katikati ya karne ya 19, na hadi leo kazi ni ileile ya vidole na subira. Makala za kisayansi hutaja mashine zilizopima kemia ya fuwele. Aliyesaga jiwe hutajwa kwa nadra, nami naona hilo ni deni.

Katika slaidi ile ya Gembe kuna fuwele moja ya piroksini, ndogo kuliko punje ya mchele. Katikati imepauka, imezungukwa na tabaka juu ya tabaka, na ukingoni imekolea kijani. Kijani hicho ni chuma na sodiamu, vilivyozidi kadiri magma ilivyopoa na kubadilika. Kiini kinaweza kueleza kina: penye mgandamizo mkubwa, piroksini hupokea aluminiamu zaidi. Tabaka moja limemong’onyoka, kisha jipya likaota juu yake. Hapo fuwele ilianza kuyeyuka, huenda kwa sababu magma yenye joto zaidi iliingia kutoka chini.

Mimi hukawia kwenye mpaka kati ya tabaka na tabaka. Loweka nguo mpya nyekundu pamoja na shuka jeupe: ukiitoa mapema, doa ni dogo, ikilala humo hadi asubuhi, shuka lote limegeuka waridi. Ndivyo chuma na magnesiamu vinavyohama ndani ya fuwele iliyo motoni. Lava ikifika juu ya ardhi na kupoa, mwendo huo unakoma. Mpaka mkali unaonyesha kwamba magma haikukaa sana baada ya tabaka la mwisho kuota; mpaka uliofifia unaonyesha ilingoja. Kwa hesabu ya namna hii, fuwele za olivini kutoka volkano ya Irazú, Kosta Rika, zilionyesha mwaka 2013 kwamba magma ya mlipuko wa 1963 hadi 1965 ilipanda kilomita 35 hivi kwa miezi tu.

Slaidi za Migori ni habari nyingine. Lava za huko Nyatike, kwenye mawe yenye dhahabu ya Macalder, zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na joto na maji ya chini ya ardhi yamezipitia mara nyingi. Katika slaidi niliyonayo, piroksini imegeuka kloraiti na matabaka yote yamefutika, ila umbo la pande nane limebaki, kama msingi wa nyumba iliyohamwa. Kloraiti ni laini, hung’oka msasa ukiipitia kwa nguvu. Fundi alizima mashine, akamalizia kwa mkono, na mchana mzima ukaenda kwenye kipande kimoja.