Kiambishi Bila Nomino: Fumbo na Mamlaka katika Wimbo "Wapo"

Wahakiki wa bongo fleva yenye maudhui ya kisiasa aghalabu huorodhesha dhamira na kuishia hapo. Wimbo "Wapo" wa Emmanuel Elibariki, maarufu Nay wa Mitego, unadhihirisha upungufu wa mkabala huo, kwa kuwa uzito wa ujumbe wake umebebwa na umbo moja la kisarufi.

Neno wapo lina kiambishi wa-, cha upatanisho wa nomino za watu katika wingi, na -po, kinachorejelea mahali dhahiri, tofauti na -ko. Katika tungo ya kawaida, kama vile "Wageni wapo sebuleni", nomino na mahali hutajwa. Katika jina la wimbo huu vyote viwili vimeondolewa. Limebaki dai tupu la kuwapo. Hata hivyo, -po haijapoteza udhahiri wake wote. Inamdokezea msikilizaji kuwa wasemwao wanajulikana na hawako mbali. Hapo ndipo fumbo lilipojengwa. Anayeusikia wimbo huo Kinyangiri, wilayani Mkalama, hahitaji kuwajua wakubwa wa Dar es Salaam. Anaweza kuijaza nafasi hiyo kwa mnunuzi wa alizeti anayechezea mizani, au kwa kiongozi wa kijiji asiyesoma taarifa ya mapato na matumizi mkutanoni.

Mamlaka nayo iliijaza nafasi hiyohiyo. Machi 26, 2017 msanii huyo alikamatwa mkoani Morogoro, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia wimbo wake. Kumkamata mtunzi ambaye hakutaja jina ni kukiri kuwa jina limesikika. Siku iliyofuata, Waziri Harrison Mwakyembe alitangaza kuwa Rais John Magufuli ameupenda wimbo, ameagiza msanii aachiwe na wimbo uendelee kupigwa, na ameshauri uboreshwe kwa kuwaongeza wengine, wakiwamo wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya.

Ushauri huo unastahili uhakiki zaidi kuliko marufuku yenyewe. Kisarufi hauna dosari: wa- inaweza kupatana na wakwepa kodi kama inavyopatana na viongozi. Kimaudhui, unaligeuza jicho la wimbo kutoka kwa watawala na kulielekeza kwa watawaliwa. Uwazi uliomkinga mtunzi ndio huohuo uliomruhusu mtawala kuingia na kuwa mtunzi mwenza.

Ulinganisho na "Ndio Mzee" (2001) wa Professor Jay unalifafanua jambo hili. Humo mwanasiasa hutoa ahadi zisizotekelezeka kwa kinywa chake mwenyewe, nao umma humwitikia. Nafsi ya kwanza imemfunga msemaji katika maneno yake, na hakuna nafasi ya kumwingiza mkwepa kodi badala yake. Humo cheo kimetajwa, na cheo hakihamishiki.

Basi ufumbaji, unaosifiwa katika fasihi ya Kiswahili kuwa ngao ya wanyonge, haupaswi kupimwa kwa kile unachoficha pekee. Unapaswa kupimwa pia kwa nani anayeweza kuufumbua kwa manufaa yake. Kwa kipimo hicho, "Wapo" ni wimbo shupavu wenye mlango usio na komeo.