Kabla hujanunua spanieli: tuitazame tena "Pedigree Dogs Exposed"

Ukipita kwenye kurasa za wauza mbwa mtandaoni siku hizi, neno unalokutana nalo kila mara ni "mbegu". Mbwa wa mbegu, mbegu safi, mbegu ya nje. Kwa mnunuzi wengi wetu tunayemfahamu hapa Kilakala, mbegu safi maana yake ni mbwa mwenye afya kuliko hawa wa kienyeji wanaolinda nyua zetu. Filamu ya Jemima Harrison, "Pedigree Dogs Exposed", iliyorushwa na BBC Agosti 2008, inasema karibu kinyume chake. Ni ya zamani kidogo, ila kwa anayetaka spanieli leo bado inafaa kutazamwa. Ina nguvu, ina mapungufu, na mapungufu yake yanatuhusu sisi kuliko Waingereza.

Tuanze na nguvu. Sehemu inayouma zaidi ni ya Cavalier King Charles, yule spanieli mdogo mwenye macho makubwa na masikio marefu ya manyoya. Uzao huu unasumbuliwa na siringomielia. Fuvu kwa nyuma ni dogo kuliko ubongo unavyohitaji, hivyo maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo hayapiti vizuri, na matundu yenye maji hujitengeneza ndani ya uti wenyewe. Mbwa anaumwa shingo, analia akiguswa, na wakati mwingine anajikuna hewani, mguu haugusi hata ngozi. Filamu inakuonyesha maumivu hayo bila kukuficha, halafu inakueleza habari za bingwa wa mashindano aliyekuwa na ugonjwa huohuo na bado akaendelea kupandishwa. Hapo hoja inajitosheleza: jaji anatazama sura, na hakuna anayetazama uti wa mgongo.

Historia nayo inasaidia kuelewa. Mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge aliahidi zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya Crufts, London, kwa atakayeleta spanieli mwenye pua ndefu kama wale wa kwenye michoro ya zamani. Uzao ukajengwa upya kutokana na mbwa wachache, ukatambuliwa rasmi mwaka 1945. Mbwa wachache wakiwa wazazi wa wote, kasoro ya mmoja inakuwa kasoro ya ukoo.

Sasa mapungufu. Filamu inatumia takwimu moja iliyosambaa sana: pagi 10,000 wa Uingereza wana utofauti wa kijenetiki sawa na wa mbwa 50 tu. Takwimu yenyewe imetoka kwenye utafiti halali, lakini mtazamaji haelezwi vya kutosha inamaanisha nini. Haina maana kwamba wamebaki pagi 50. Maana yake ni kwamba madume wachache maarufu wamezalisha sana, wengine hawakuzalisha kabisa, kwa hiyo hao 10,000 ni kama nakala zinazorudiarudia kurasa zilezile. Bila maelezo haya namba inabaki ya kutisha tu, haifundishi.

Kosa la pili ni kulinganisha ufugaji huu na itikadi za Wanazi. Hapa, kwa maoni yangu, filamu ilijipiga yenyewe. Ushahidi ulikuwa tayari mezani. Kelele hii iliwapa wakosoaji pa kujificha.

Tatu, filamu inaelekeza lawama na dawa kwa Kennel Club ya Uingereza. Kule ilifanya kazi kweli. BBC iliacha kurusha Crufts mwaka 2009, na mwaka huohuo Kennel Club ikaacha kusajili watoto wa mbwa waliozaliwa na ndugu wa tumbo moja au mzazi na mwanawe. Norway imeenda mbali zaidi: mwaka 2023 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba kuwazalisha Cavalier kwa njia ya kawaida kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Lakini mnunuzi wa Morogoro analetewa mbwa kwa picha ya simu na maneno ya muuzaji. Filamu inamwachia woga, haimwachii kifaa.

Basi tumpe kifaa. Kwanza ukoo. Ukipandisha kaka na dada, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi, kwenye sehemu yoyote ya jeni, nakala mbili zilizotoka kwa babu au bibi mmoja. Mji ukiwa na majike na madume machache ya uzao fulani, jambo hili hutokea hata bila mtu kukusudia. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa akichukua mbegu ya NAIC, Usa River, anajua dume ni yupi. Kwa nini wewe usijue baba wa mbwa wako?

Pili moyo. Vali ya moyo ya Cavalier huanza kuvuja mapema; karibu nusu wana sauti isiyo ya kawaida ya moyo wakifika miaka 5. Siringomielia inahitaji MRI, na hiyo ni ghali hata kwa binadamu. Moyo unahitaji stetoskopu tu. Omba daktari wa mifugo awasikilize wazazi wote wawili, na wasiwe wamepandishwa kabla ya miaka miwili na nusu.

Tatu mazingira, ambayo filamu haiyagusi kabisa. Masikio ya spanieli yananing'inia, hewa haipiti, na masika ya chini ya Uluguru yana unyevu wa kutosha kukuza fangasi na bakteria humo. Manyoya nayo yanaficha kupe. Masikio yake yakaguliwe kila wiki, na kupe atafutwe kwa vidole, siyo kwa macho.

Mwisho, jiulize unamtaka wa nini. Kama ni ulinzi, Cavalier atampokea mwizi kwa mkia. Kama ni rafiki wa watoto, sawa, tazama filamu, punguza chumvi yake, halafu nenda ukawaone wazazi wa huyo mbwa kwa macho yako. Muuzaji asiyetaka uwaone, mwache na mbegu yake.