Istilahi za Kibuddha na Mizigo ya Maneno Yetu

Hekalu la Wabuddha lililopo Dar es Salaam liliasisiwa na Wasinhala wa Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na mafundisho yake ni ya Theravada, yaani kauli ya wazee. Hivyo Kiswahili kimekuwa jirani wa mafundisho hayo muda mrefu. Hata hivyo, mfasiri anayemwongoza mgeni hekaluni, au mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake huko, aghalabu huyaeleza anayoyaona kwa maneno ya msikitini au ya kanisani. Maneno hayo ni mazuri mahali pake. Hapa hupotosha kiini chenyewe: huwapa Wabuddha Muumba ambaye hawamtegemei, na roho ambayo wanakanusha kuwapo kwake.

Tuanze na lionekanalo kwa macho. Mgeni huvua viatu, huingia, na huwaona watu wakiweka maua na taa mbele ya sanamu ya Buddha. Mara husemwa kuwa “wanaabudu sanamu”. Kitenzi “kuabudu” ni cha mja na Mola wake. Kwa Watheravada, Buddha ni mwalimu, mwanadamu aliyezinduka na ambaye amekwisha kufariki. Maua huwekwa kwa heshima, na ayawekaye hukumbuka kwamba kama yanyaukavyo, ndivyo mwili wake utakavyochakaa. “Kutoa heshima” kwatosha. Neno “hekalu” na libaki, ingawa “vihara” ni makazi hasa. Lakini “padri wa Kibuddha” halifai hata kidogo, kwani huyo bhikkhu hana sakramenti ya kutoa, na akitaka aweza kulivua vazi lake akarudi nyumbani. “Mtawa” ndilo neno, tena limetokana na kitenzi chetu “kutawa”.

Zipo pia ziitwazo “Amri Tano”. Amri huhitaji mwenye kuamuru. Mbuddha hutamka mwenyewe kwamba anajifunga kutoua, kutochukua asichopewa, kutofanya zinaa mbaya, kutosema uongo na kutotumia vileo. Kwa nini tusiseme “Miiko Mitano”? Tangu Azimio la Arusha la 1967, lililowawekea viongozi miiko yao, neno hilo limezoeleka ofisini na shuleni. Mtu aweza kupinga kwamba mwiko huwekwa na mila au mganga. Ni kweli, lakini hushikwa na mwenyewe, na hilo ndilo tulitakalo.

Ugumu unazidi tufikapo kwenye Kweli Nne. Ya kwanza huitwa kwa Kipali “dukkha”, nayo mara nyingi hufasiriwa “mateso”. Mateso yana mtesaji, au walau yanadokeza adhabu. Dukkha yaingiza uzee, maradhi na kifo, kutengana na umpendaye, kukaa na usiyempenda, na hata raha yenyewe kwa kuwa haidumu. “Taabu” haimshtaki mtu yeyote, na ni pana. Kuna neno jingine ambalo limenivuta, nalo ni “dukuduku”: lile jambo lisilotulia moyoni. Kufanana kwa sauti ni bahati tu, na maana yake ni finyu mno kwa istilahi, lakini mwalimu aweza kulitumia darasani kwa faida.

Wako wanaoshauri kwamba tuyatohoe tu maneno ya Kipali. Sauti za Kiswahili zitawaumbua. “Dukkha” itakuwa “duka”, na Kweli ya kwanza itaelekea sokoni. “Kamma” itakuwa “kama”. Pale ambapo umbo la Kipali lagongana na neno letu, ni heri kuchukua umbo la Kisanskriti ambalo wasomaji wengi wameshalisikia: “karma”. Nayo isifasiriwe “majaliwa”, kwani mafundisho yanaitambulisha kwa nia ya mtendaji, si kwa alivyoandikiwa.

Vivyo hivyo “nirvana” isiitwe “peponi”. Hoja hapa si ya heshima kwa dini nyingine tu. Theravada yenyewe inazo pepo, nyingi, ambamo viumbe huzaliwa na kufa. Mfasiri akishalitumia neno “peponi” kwa nirvana, ataziitaje hizo? Nirvana ni kuzimika kwa moto wa tamaa, chuki na upumbavu, basi neno litoholewe na lifafanuliwe hivyo.

“Kuzaliwa upya” ni mtego wa namna yake, kwa kuwa Wakristo wanalo neno hilo kwa maana ya wokovu. “Kuzaliwa tena” ni afadhali, mradi lisifuatwe na “roho”. Milindapanha yatoa mfano wa taa inayowashwa kwa taa nyingine: moto unaendelea, wala hakuna kitu kilichohama.

Hapo ndipo tunapokutana na “anatta”, istilahi ngumu kuliko zote. “Kutokuwa na roho” kutaeleweka kuwa ni ukatili. “Kutokuwa na nafsi” kutamshangaza mwanafunzi aliyefundishwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika sarufi. Mtawa naye husema “mimi” kila siku bila kujipinga. Kuna atakayeunda “usonafsi”, na wasomaji wataona uso. Kwa sasa napendelea “kutokuwa na nafsi idumuyo”, ijapokuwa ni refu, na mwenye kushikilia mafundisho kikamilifu ataweza kuuliza iwapo basi ipo nafsi isiyodumu.