Shamba la Wasio na Shamba

Ukitoka Matema ukaufuata ufuko kuelekea mashariki, unaliacha nyuma bonde la Kyela na mashamba yake ya mpunga. Mbele yako Milima ya Livingstone inaporomoka hadi Ziwa Nyasa, na nchi kavu inabaki ukanda mwembamba wa mawe na mchanga. Njia ya miguu inapita Lyulilo na kwenda Ikombe, kwa Wakisi. Walioikanyaga vizazi kwa vizazi ni wachuuzi wa vyungu.

Chanzo cha biashara hiyo ni ardhi. Wanyakyusa wa bondeni walijaliwa udongo wa kulima. Wakisi, waliobanwa kati ya mlima na maji, walibaki na samaki na udongo wa kufinyanga. Wanaume wakashika nyavu, wanawake wakashika udongo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi vyungu vya Wakisi vilivyobadilishwa kwa chakula. Mtumbwi uliondoka na vyungu, ukarudi na nafaka na ndizi.

Na kazi yenyewe ni ya kustaajabisha. Mama wa Kikisi huukanda udongo, akauinua kwa viganja huku akiuzungusha taratibu, hadi ukuta wa chungu uwe mwembamba na sawa pande zote. Hukisugua mpaka king'ae, akakipaka rangi nyekundu. Kisha husubiri. Chungu lazima kikauke barabara kabla ya kuchomwa, maana unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke na kukipasua. Haraka kidogo huangamiza kazi ya siku nyingi. Moto huwashwa uwanjani, bila tanuri wala kipimajoto; mwenye kujua umekolea ni jicho lililofunzwa na mama na bibi.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo inauma zaidi leo, sufuria na ndoo za plastiki zilipoenea kila jiko. Hata hivyo, hakuna ndoo inayopoza maji kama mtungi: maji hupenya kidogo kidogo, yakakauka juu ya ngozi yake, na yaliyobaki ndani yakapoa bila umeme.

Siku ya Jumamosi vyungu hupangwa gulioni Lyulilo. Ukifika, msalimu mama kwa heshima, uliza bei, na usimpunje kana kwamba anauza udongo mtupu. Ujuzi huo umelisha watoto mahali pasipo na shamba. Ulipe thamani yake.